Masikio ya Kuazima

Mama Waya hakuwa na mtoto aitwaye Waya. Jina alilipata kazini, kwa sababu alisuka mota. Mota ya pampu ya maji ikiungua, au ya mashine ya kusaga, au ya feni, ililetwa kwenye kibanda chake cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Aliifungua, akachomoa waya wa shaba uliokwisha kuwa mweusi, akaingiza mpya mzunguko kwa mzunguko, kwa subira ya mama anayemsuka mwanawe nywele huku mtoto analia. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe. Mume alipofariki, ndugu wa mume walikuja kuuliza vifaa vitauzwa lini. Aliwakaribisha viti, akawapa maji ya kunywa, akaendelea kusuka. Walikaa mpaka wakaona haya, wakaondoka.

Mteja mgeni akiingia na kuuliza fundi yuko wapi, Mama Waya hakuinua uso. "Amekaa mbele yako," alisema.

Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wenye haraka zao. Mota ikishafunguliwa, hakumwambia mjumbe neno. Aliyetumwa, awe dereva, awe shemeji wa mwenye mali, alirudishwa alikotoka: mwenye mota aje mwenyewe. Akija, Mama Waya alimsogezea ile mota wazi mpaka puani, anuse. Waya ulioungua una harufu yake, na pua haihitaji elimu. Akishanusa huulizwa isukwe au itupwe, naye aseme kwa kinywa chake. Watu walimcheka, wakasema huyu fundi anawanusisha wateja kama mbwa. Lakini miaka yote ile hakuna aliyerudi pale kusema umenidanganya.

Mezani, mahali pa kupokea wateja, alikaa mdogo wake, mtoto wa tumbo moja na ziwa moja. Tangu utoto aliitwa Kasuku, maana ukimtuma neno alilifikisha kama lilivyo, hata likiwa tusi. Alikuwa na sauti nene ya kiume, na shuleni mwalimu wa kuimba alimsimamisha upande wa wavulana. Hakuolewa, au tuseme aliolewa kidogo akarudi. Alipika, alihesabu vifaa, aliwarudisha wajumbe. "Mwenyewe aje," aliwaambia kwa sauti ile, nao walikwenda.

Maradhi ya Mama Waya yalianzia pale ambapo wanawake hupataja wameinamisha macho. Damu aliyokwisha kuagana nayo ikarudi. Akanyamaza, akasema ni uchovu wa kuinua mota. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kwake kifo kilikuwa na haya kidogo, kikatanguliza maumivu, ndipo akaenda hospitali. Ikaonekana ni saratani ya mlango wa kizazi. Wakampasua, wakamchoma kwa mionzi, wakamtundikia dawa ya mshipani.

Ile dawa ilimnyoosha. Alitapika mpaka akatapika maji matupu, akawa wa kubebwa kama kifurushi. Na ilipomwacha, iliondoka na masikio yake. Mwanzo ulikuwa mlio kama wa mbu aliyejificha chumbani. Kisha sauti nyembamba zikaanza kupotea moja moja: kengele ya baiskeli, ndege, watoto, na mwisho wanawake. Mota aliisikia ikivuma. Wanaume wenye vifua aliwasikia. Binti yake wa pekee, mwenye sauti kama uzi, hakumsikia tena, akawa anamtazama midomo.

Sauti ya Kasuku aliisikia vizuri. Ile sauti iliyochekwa shuleni ndiyo iliyobaki wazi kuliko zote nyumbani mle. Basi Kasuku akawa masikio yake. Sokoni, kwenye simu, hospitali, alisimama ubavuni, akasikiliza, akainama na kumwambia dada yake kilichosemwa. Hospitali hasa ndiko alikohitajika, kwa sababu daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, tena nusu ya uso imefunikwa na barakoa. Mara za kwanza daktari alizungumza akimtazama mgonjwa. Baadaye akazoea kumtazama anayesikia. Ni binadamu, na foleni nje ni ndefu.

Walimwambia amepata nafuu, awe anakuja kuangaliwa. Akarudi kibandani. Alisuka mota ndogo ndogo kwanza, halafu akajisahau, akashika kubwa.

Ndipo vikaja vile vivimbe. Kimoja chini ya kitovu, kigumu kama mbegu iliyopandwa chini ya ngozi. Kikafuata kingine, vikashuka mpaka kwenye kinena na juu ya paja, vyekundu, vingine vya zambarau. Baadaye vikapasuka. Vikatoa maji, vikatoa damu, vikaanza kunuka. Mama Waya aliyemnusisha kila mtu mota yake sasa alikaa mbali na wateja, akafunga khanga mbili juu ya bandeji, akajipaka manukato mpaka mwenye mashine ya kusaga akamuuliza kama kuna posa inayosubiriwa. Alicheka naye. Kisha alikwenda nyuma ya kibanda akalia.

Hospitali walimpima, wakampiga picha za kifua na tumbo, wakakata kipande cha kivimbe wakakipeleka maabara. Siku ya majibu daktari alizungumza kwa muda mrefu. Mama Waya aliona mikono ya daktari ikienda na kurudi, akaona Kasuku ameinamisha kichwa, anaitikia. Kisha Kasuku akageuka, akamsogelea sikioni.

"Amesema ni makovu ya mionzi," alisema. "Ngozi ilichomwa sana, ndiyo inafanya vidonda. Kuna mashine ya umeme, watayakausha. Watakuweka kwenye orodha ya wanaosubiri."

"Maneno yote hayo ni makovu tu?"

"Madaktari nao wana maneno mengi, dada."

Mama Waya akamshukuru daktari kwa mikono miwili. Daktari alimtazama kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha akaita mwingine.

Miezi ile ya kungoja zamu ndipo binti alipopata kazi ya mkataba jikoni katika hoteli moja ng'ambo. Alisomea kupika, na nafasi kama hiyo haipigi hodi mara mbili. Mama Waya alimwambia nenda, mimi makovu yangu yanakaushwa, ukirudi utanikuta nasuka mota ya lori. Binti alimtazama kwa namna ambayo mama hakuielewa. Siku ya safari alimkumbatia mpaka dereva akapiga honi, akapiga tena. Mama Waya akatania, akamwambia mbona unaniaga kama unanizika. Binti akaficha uso begani kwake. Kasuku alikuwa amesimama pale pale ameshika begi.

Zamu ya umeme ikafika. Kasuku alimsindikiza mpaka kwenye mlango wa vioo, na hapo nesi akamzuia: ndani anaingia mgonjwa peke yake. Kasuku akaeleza kwamba dada yake hasikii, bila yeye hataelewa lolote. Nesi akasema ataelewa. Akamshika Mama Waya mkono, wakaingia, mlango ukajifunga nyuma yao.

Kilikuwa chumba kidogo kabla ya chumba cha upasuaji, chenye kitanda cha magurudumu na dirisha kubwa. Nesi alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye mwendo wa kutokuwa na haraka. Alivuta kiti akakaa mbele ya Mama Waya kwenye mwanga, akashusha barakoa, akasema taratibu kwa midomo iliyo wazi.

Alimweleza kazi ilivyo. Watampa dawa ya usingizi. Kisha watamtia mshipani dawa nyingine, waisubiri kidogo izunguke mwilini. Halafu watashika kijiti chenye sindano, watazichoma kwenye kila kivimbe, na umeme upite kwa mshtuko mfupi mfupi. Umeme ule haukaushi wenyewe. Unafungua vijilango vya uvimbe ili dawa iingie, maana bila umeme inapita nje tu kama mgeni aliyekuta pamefungwa. Misuli itarukaruka, ila yeye atakuwa amelala.

Mama Waya aliuliza umeme ni wa nguvu kiasi gani. Nesi akamtajia. Mama Waya akasema kwa kiasi hicho, mtu angemtia yeye umeme wa namna hiyo kibandani, angemshtaki. Nesi alicheka mpaka akashika kitanda.

Kisha akauliza lile swali wanalopaswa kumuuliza kila mgonjwa kabla hajalala. "Mama, sasa nieleze wewe, kwa maneno yako. Leo tunatibu nini?"

"Makovu ya mionzi," alisema Mama Waya. "Mkiyakausha hayo, nimepona. Nirudi kuinua mota zangu."

Nesi aliacha kucheka. Alimpapasa mkono, akainuka, akatoka. Aliporudi alikuwa na daktari, yule yule mwenye sauti ndogo. Daktari naye alishusha barakoa, na Mama Waya akagundua kwamba hakuwahi kumwona mdomo mwanamke huyo tangu amjue.

Daktari alikaa. Alisema polepole, akirudia alipoona haijafika. Vile havikuwa makovu. Ilikuwa saratani ile ile ya mlango wa kizazi, imetokea kwenye ngozi. Na kwenye mapafu imo pia. Kazi ya leo ingekausha vidonda, ikate damu na harufu na maumivu, na kwa vidonda ilikuwa kazi nzuri. Mapafu haiyagusi.

"Nilieleza yote haya ile siku ya majibu," alisema daktari. "Nikasema ipo dawa ya mshipani, haitaponya, ila inaweza kuongeza muda. Ndugu yako akageuka akazungumza nawe. Kisha akaniambia umekataa."

Mama Waya alitazama mdomo ule hata ulipokwisha kufungwa. Alijaribu kuikumbuka siku ile, chumba kile, jinsi alivyomshukuru mtu kwa mikono miwili kwa habari ya kifo chake. Alikumbuka na jinsi daktari alivyomtazama. Bila shaka alimwona mwanamke shujaa, au mwanamke mwenye kichaa.

Nesi akamuuliza kama angependa waahirishe. Hakuna wa kumlazimisha.

"Hivi vidonda vinanuka," alisema Mama Waya. "Endeleeni. Hili angalau mmeniambia wenyewe."

Kazi ilikwenda vizuri. Hilo lazima lisemwe, maana ndilo lililokuwa kweli katika mambo yote ya miezi ile. Aliamka na maumivu ya kuchomachoma, misuli ya mapaja imechoka kama aliyepanda mlima. Siku zilizofuata vivimbe viligeuka kahawia, vikafanya magamba meusi, damu ikakatika. Harufu ikaondoka hata kabla ya magamba kuanza kudondoka. Lakini hiyo ni mbele. Siku ile alitoka kwenye mlango wa vioo anasukumwa kwenye kiti, Kasuku akamkimbilia na kuuliza wamemwambia nini. Mama Waya akafumba macho, akajifanya bado ana usingizi wa dawa.

Hakusema kitu mpaka kesho yake asubuhi. Kasuku alimletea chai kitandani, akamtengenezea mto, akaanza kueleza habari za wateja. Mama Waya akamwambia kaa.

"Haya ya mapafu, ulinificha kwa nini?"

Kasuku aliweka kikombe chini. "Nani kakwambia?"

"Sikuuliza nani."

Basi Kasuku akaanza kueleza. Alieleza kwa machozi, na machozi yake hayakuwa ya uongo. Alisema ni yeye aliyemshika kichwa wakati wa dawa ile ya kwanza, ni yeye aliyesikia dada yake akiomba aachwe afe. Yule aliyelala hakumbuki aliyoyasema, aliyekesha anakumbuka. Daktari alipoitaja tena dawa ile, alisema, mwili wake wote ulikataa. Na kumwambia mtu kuwa anakufa, alisema, ni kumuua mara mbili. Alitaka dada yake asuke mota zake kwa furaha mpaka siku yake.

Mama Waya alimwacha amalize.

"Ulimwambia daktari wewe umekataa," alisema, "au ulimwambia mimi nimekataa?"

Kasuku akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Pale kibandani uliwarudisha watu wazima nyumbani kwao kwa ajili ya feni. Feni, Kasuku. Unawaambia mwenyewe aje. Mimi ndiyo sikustahili kunusa?"

"Mota haina moyo, dada."

"Na nani alikwambia wangu ni mdogo?"

Kasuku akaanza kuomba radhi, na katika kuomba akasema jambo ambalo hakulipima: kwamba hata mtoto alikwenda kwa amani, hakubeba mzigo. Mama Waya akamtazama. Kuficha kwa mtu mmoja kuna mwisho wake. Sasa akataka kujua kuficha huku kumefika wapi.

Alimwambia atoke, afunge mlango. Akampigia binti simu ya picha. Uso wa binti ukatokea, na nyuma yake sufuria kubwa za kazini, amevaa kofia nyeupe. Mama alimwambia asimame kwenye mwanga, aseme polepole, maana leo hakuna wa kusikia kwa niaba yake. Akamuuliza kama alijua ugonjwa umerudi.

Binti alitazama pembeni. Jibu hilo halikuhitaji masikio.

Kisha akarudi mbele ya simu, midomo inatetemeka, naye mama akaisoma neno baada ya neno, akimrudisha nyuma alipokimbia. Mama mdogo alimwambia. Alimwambia kwamba mama anajua yote, ila hataki yatajwe mbele yake. Kwamba akiyataja atamvunja. Kwamba mama mwenyewe ndiye anayetaka aende, asimwone akinyauka. Basi binti alikwenda, akijua. Alimkumbatia akijua. Wiki zote zile aliandika habari za hali ya hewa na za wapishi wenzake, akidhani anatii agizo la mama yake.

"Nilingoja uniambie wewe," binti alisema. "Nikasema, mama ana kiburi, atasema akitaka."

"Kiburi ninacho," alisema Mama Waya. "Hilo agizo sikutoa."

Walitazamana kwenye kile kioo kidogo, mtu na mwanawe, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyefunga mlango. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wazee walisema, na Mama Waya aliuamini msemo huo maisha yake yote. Hakuwahi kufikiri kwamba mzaliwa nawe anaweza kukichukua kifo chako mikononi mwake, akakipanga kama anavyopanga vifaa kwenye rafu, hiki huku na kile kule. Na lililomchoma zaidi ya yote, alipolitafakari baadaye, ni kwamba miezi ile Kasuku alinawiri. Wateja walianza kumsalimu yeye kwanza. Majirani walimwuliza yeye. Ukishika masikio ya mtu umemshika mzima.

Binti alisema ataomba ruhusa, atakuja mwisho wa mwezi. Zamani Mama Waya angemkatalia, angemwambia kazi kwanza. Safari hii alisema, "Njoo."

Siku ya kurudi hospitali kuangaliwa vidonda, Kasuku alivaa na kuongozana naye kama kawaida. Nyumbani walikuwa wakizungumza mambo ya chumvi na maji tu. Walikaa kwenye benchi. Zamu yake ilipoitwa, Kasuku alisimama kwa mazoea, akanyoosha gauni. Mama Waya akamwekea mkono begani, akamkalisha.

Ndani, daktari alishusha barakoa bila kuombwa, akageuza kiti kwenye mwanga. Alitazama vidonda, akafurahi. Vingi vilikuwa vikavu kabisa, viwili vitahitaji kurudiwa. Mama Waya akamuuliza ile dawa ya mshipani, kama bado ipo. Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema ipo, ingawa mapafu sasa yamechoka kuliko wakati ule. Inaweza kuongeza miezi kidogo. Inaweza pia isiongeze. Itamlaza, na masikio yaliyobaki huenda yakaenda nayo.

"Ningeianza wakati ule?"

"Ungekuwa na nguvu zaidi ya kuichukua," alisema daktari. "Zaidi ya hapo ningekudanganya."

Mama Waya alifikiri juu ya binti anayekuja, kwamba amkute ameketi au amkute anatapika. Alifikiri polepole, na daktari, licha ya foleni yote ile nje, alimwachia afikiri. Kisha akasema hataichukua. Vile viwili wavirudie kwa umeme. Dawa ile hapana. Daktari akamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo.

Alipotoka, Kasuku alikuwa amesimama mlangoni.

"Amesemaje?"

Mama Waya akamweleza, kwa ufupi, kwamba dawa imetajwa tena na ameikataa.

Uso wa Kasuku ukang'aa, ukawa wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Si ndivyo nilivyowaambia mimi?" alisema. "Nilijua. Nakujua kuliko unavyojijua, dada. Si ndilo lile lile?"

Mama Waya alimtazama yule mwanamke aliyenyonya ziwa alilonyonya yeye. Alikuwa amejiandaa kumsamehe, si siku ile, lakini alikuwa ameanza kulisogelea. Sasa aliona kwamba hakuna aliyekuja kusamehewa.

"Mwisho wa mwezi mtoto anakuja," alisema. "Yeye ndiye atakayekuwa ananileta huku. Wewe baki kibandani upokee mota."

Kasuku alifikiri anatania. Alipoona hatanii, akauliza kwa sauti ndogo, ndogo kwa kadiri alivyoweza, mpaka lini.

"Hilo nimemuuliza daktari," alisema Mama Waya. "Naye hajui."

Akatangulia kwenye korido.